Manyoya ya ngamia na manyoya ya nyuki-bambi: jinsi kila mmoja anavyolimudu joto

Msomaji mmoja ameuliza: "Nimesoma kwamba ngamia ana manyoya mazito mgongoni ingawa anaishi jangwani, na kwamba nyuki-bambi naye ana manyoya mengi kuliko nyuki wengine ili asishindwe na baridi. Inawezekanaje kitu kilekile kimfae mmoja kwenye joto na mwingine kwenye baridi? Kati yao, ni yupi anayedhibiti joto la mwili wake vizuri zaidi? Na je, nyuki-bambi angeweza kuishi jangwani?"

Ndugu msomaji,

Manyoya hayaleti joto wala hayaleti baridi. Kazi yake ni kushikilia hewa ili itulie, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Chanzo cha joto kikiwa nje ya mwili, manyoya hulizuia lisiingie. Kikiwa ndani, hulizuia lisitoke. Kwa hiyo unapomwona mnyama mwenye manyoya mengi, usiulize kwanza kama anaishi penye joto au penye baridi, bali uliza joto lake linatoka wapi. Kwa ngamia wa nundu moja, Camelus dromedarius, joto linalomtishia mchana hutoka nje, kwenye jua, kwenye mchanga na kwenye upepo wa moto. Kwa nyuki-bambi, joto kubwa hutoka ndani ya mwili wake mwenyewe, kwenye misuli inayoendesha mabawa. Sehemu kubwa ya maelezo yangu inatokana na tofauti hiyo, ikijumlishwa na tofauti ya ukubwa ambayo nitaifikia baadaye.

Ni vyema kwanza tuelewane ni nyuki yupi tunayemzungumzia. Nyuki-bambi ni wale wa jenasi Bombus, ambayo ina spishi takriban 250, nyingi zikiishi kwenye nchi za baridi za kaskazini na kwenye milima. Kusini mwa Sahara hakuna nyuki-bambi wa asili. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao na kuvuma kwa sauti nzito ni nyuki seremala, wa jenasi Xylocopa, ambaye watu wengi humchanganya naye. Nitamchukua Bombus terrestris kuwa mfano, kwa kuwa amechunguzwa sana na ameenea kutoka Ulaya hadi Afrika Kaskazini, hivi kwamba katika nchi kama Algeria anaishi ndani ya mipaka ileile na ngamia, yeye akiwa upande wa pwani na milima na mwenzake akiwa upande wa jangwa.

Ushahidi wa wazi kuhusu manyoya ya ngamia ulipatikana huko huko Algeria, mahali panapoitwa Béni Abbès, ambako mwanafiziolojia Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walifanya utafiti katika miaka ya 1953 na 1954. Miongoni mwa majaribio yao lilikuwa la kumnyoa ngamia na kupima maji anayoyapoteza. Ngamia aliyenyolewa alipoteza maji kwa takriban nusu zaidi ya yule aliyeachiwa manyoya yake, kwa sababu joto la jua lilifika ngozini bila kizuizi na ikambidi atoke jasho jingi zaidi. Juani, ncha za manyoya ya mgongoni zinaweza kufika nyuzijoto 70 za Selsiasi, huku ngozi iliyo chini yake ikiwa karibu na 40. Jasho lenyewe hukauka pale pale kwenye ngozi, chini ya manyoya, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: joto linalotumika kulivukiza huchukuliwa kutoka mwilini, ambako ndiko linakotakiwa kuondolewa, badala ya kuchukuliwa kutoka kwenye hewa ya nje.

Pale ambapo manyoya hayapo pana mafunzo vilevile. Tumbo la ngamia na sehemu za ndani za miguu yake zina nywele chache. Anapopiga magoti na kulala, sehemu ya uzito wake hukaa juu ya sugu nene iliyo kifuani, ambayo humwinua kidogo kutoka ardhini hata hewa ikapata nafasi ya kupita chini yake. Nyuki-bambi ana mpangilio unaokaribiana na huo. Kifua chake, yaani sehemu ya kati inayobeba mabawa na miguu, kimefunikwa manyoya mazito, lakini upande wa chini wa tumbo lake una manyoya machache sana. Huo ndio mlango wake wa kutolea joto. Viumbe hawa hawana nasaba ya karibu hata kidogo, na bado kila mmoja amefunikwa pale ambapo joto halitakiwi kupita na kuachwa wazi pale linapotakiwa kupita.

Sasa tumwangalie nyuki huyu kwa karibu zaidi. Misuli yake ya kurukia haiwezi kupiga mabawa kwa kasi inayotosha kumwinua, ambayo ni mapigo 150 hadi 200 hivi kwa sekunde, mpaka kifua kifikie takriban nyuzijoto 30. Asubuhi ya baridi, hewa ikiwa nyuzijoto 10, hana budi kuzalisha tofauti hiyo mwenyewe. Hufanya hivyo kwa kutetemesha misuli: makundi mawili ya misuli ya mabawa, ambayo wakati wa kuruka hufanya kazi kwa kupokezana, sasa hukaza yote kwa pamoja, kwa hiyo nishati inatumika lakini mabawa hayapigi. Ukimtazama malkia aliyetua juu ya ua katika hali hiyo, utadhani amepumzika, kwa maana mabawa yamelala mgongoni bila kutikisika. Lakini tumbo lake hupanuka na kusinyaa upesi upesi, na hiyo ndiyo pumzi inayopeleka hewa kwenye misuli inayofanya kazi kwa nguvu zote. Hewa ikiwa nyuzijoto 24, dakika moja hivi humtosha kuwa tayari kuruka. Ikishuka hadi nyuzijoto 6, huweza kuhitaji robo saa. Mtaalamu aliyeyafafanua mengi ya mambo haya ni Bernd Heinrich, aliyewachunguza nyuki-bambi nchini Marekani katika miaka ya 1970.

Nimesema kwamba ukubwa una uzito wake katika jambo hili, na hapa hesabu ndogo itatusaidia. Tuchukue ngamia wa kilo 500 na nyuki-bambi wa gramu 0.25. Ngamia ni mzito mara milioni 2. Kama wangekuwa na umbo moja, kila gramu ya nyuki ingekuwa na eneo la nje kubwa mara 126 hivi kuliko gramu ya ngamia, kwa kuwa eneo halipungui kwa kasi ileile ya uzito mwili unapokuwa mdogo. Ndiyo maana kikombe cha chai hupoa wakati birika bado ni la moto. Nyuki hupokea na kupoteza joto kwa dakika, ilhali ngamia hufanya hivyo kwa saa nyingi, na kila mmoja ameugeuza mwendo wake huo kuwa mbinu.

Mbinu ya ngamia ni kuahirisha. Schmidt-Nielsen alikuta kwamba ngamia anayepata maji ya kutosha hubadilika joto kwa nyuzijoto 2 hivi tu kwa siku, lakini yule aliyenyimwa maji wakati wa kiangazi huamka akiwa na nyuzijoto 34 na kufika zaidi ya 40 alasiri. Mtu akipanda kiasi hicho tungesema ana homa kali. Ngamia yeye anaweka akiba. Kupandisha mwili wa kilo 500 kwa nyuzijoto 6 kunameza takriban kilojuli 10,000 za joto, na kama joto hilo lingeondolewa kwa jasho, zingehitajika zaidi ya lita 4 za maji. Yeye hulihifadhi mwilini mpaka usiku, kisha huliachia bure kwenye hewa baridi ya jangwa. Kuna faida ya pili ambayo mara nyingi husahaulika: mwili ulio na nyuzijoto 40 unapokea joto polepole zaidi kutoka kwenye hewa ya nyuzijoto 43 kuliko mwili ulio na nyuzijoto 37, kwa sababu tofauti kati yao ni ndogo. Kwa maneno mengine, kuacha mwili upande joto ni namna ya kulizuia joto.

Nyuki-bambi hawezi kuiga jambo hilo. Kwa makadirio yangu, misuli ya nyuki kibarua, yaani nyuki mfanyakazi wa koloni, anayeruka huzalisha joto kwa kasi ambayo, kama lisingetoka kabisa, ingepandisha kifua chake kwa nyuzijoto 6 katika muda usiozidi nusu dakika. Akiba ambayo ngamia huijaza kutwa nzima, yeye angeijaza kabla hajafika ua la pili. Kwa hiyo badala ya kuligawanya joto baina ya mchana na usiku, nyuki hulitenga baina ya sehemu za mwili: kifua hubaki kati ya nyuzijoto 30 na 40, hata hewa ikiwa karibu na sifuri au ikiwa nyuzijoto 30, na tumbo huachwa lipoe au lipashwe kadiri hali inavyodai.

Jambo hilo huwezekana kwa sababu ya kiuno chake, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzuri wote wa ulinganisho huu. Damu ya nyuki hutoka kwenye moyo ulio tumboni, hupita kwenye mshipa mwembamba kiunoni na kuingia kifuani ikiwa baridi. Damu iliyopata joto kifuani hurudi tumboni kwa njia iliyo chini ya mshipa huo, ikipishana nayo kwa karibu sana. Mikondo miwili inapopishana hivyo, ile ya moto huipa ile ya baridi joto lake, na joto hurudishwa kifuani kabla halijapotea. Hiyo ndiyo hali ya siku ya baridi. Kifua kinapopata joto kupita kiasi, moyo na misuli ya tumbo hubadilisha mapigo yake, na damu husukumwa kwa zamu: fungu la damu baridi huenda mbele, kisha fungu la damu ya moto hurudi nyuma. Kwa kuwa mafungu hayo hayapishani tena kiunoni kwa wakati mmoja, joto halirudishwi, bali linafika tumboni na kutokea kwenye ule upande wa chini wenye manyoya machache. Heinrich alipokipasha moto kifua cha malkia, aliona joto likihamia tumboni namna hiyo, na kifua kikikaa bila kupanda zaidi.

Ngamia ana mtambo wa aina hiyohiyo, ila umewekwa chini ya ubongo. Ateri zinazopeleka damu kichwani hugawanyika hapo na kuwa wavu wa mishipa midogo sana, na wavu huo umezungukwa na damu ya vena inayotoka puani, ambako imepozwa na maji yanayokauka kwenye kuta za pua. Damu ya moto ikipita katika wavu huo hupoteza sehemu ya joto lake, na ubongo hubaki na joto dogo kuliko sehemu nyingine za mwili. Kwa muda mrefu mtambo huu ulielezwa kuwa ni kinga ya ubongo tu. Wapo watafiti wanaoona kuwa faida yake kubwa zaidi ni kuokoa maji: sehemu ya ubongo inayoamuru jasho litoke ikiwa imepozwa, hukawia kutoa amri hiyo. Maelezo haya ya pili yananishawishi zaidi, kwa sababu yanaendana na kila kitu kingine tunachokijua kuhusu mnyama huyu.

Kwani ngamia hulipia kila kitu kwa maji. Figo zake hutoa mkojo mzito sana, kinyesi chake hutoka kikavu, na nyakati za usiku hewa anayoitoa puani hupozwa na kunyang'anywa sehemu ya unyevu wake kabla haijatoka. Anaweza kuvumilia kupungukiwa maji yanayofikia robo ya uzito wake au hata zaidi, hali ambayo ingewaua wanyama wengi mapema zaidi, kisha akifika kisimani akanywa zaidi ya lita 100 ndani ya dakika kama 10. Chembe nyekundu za damu yake, ambazo zina umbo la yai, huweza kuvimba hadi zaidi ya mara mbili ya ujazo wake bila kupasuka, na bila hilo unywaji wa namna hiyo ungekuwa hatari. Nundu, kama wengi wanavyojua sasa, si tangi la maji bali ni akiba ya mafuta. Ni kweli kwamba gramu moja ya mafuta ikichomwa mwilini hutoa takriban gramu moja ya maji, lakini oksijeni inayohitajika kuichoma huingia kwa kupumua, na kupumua katika hewa kavu hupoteza maji mengi kuliko yanayopatikana. Faida ya kuyarundika mafuta mahali pamoja ni kwamba sehemu nyingine za mwili hazifunikwi na tabaka la mafuta ambalo lingezuia joto kutoka.

Nyuki-bambi yuko kinyume kabisa. Chakula chake ni mbochi ya maua, ambayo mara nyingi nusu yake au zaidi ni maji, na sukari iliyomo nayo hutoa maji mengine inapochomwa. Akiruka katika hewa ya baridi hupata maji mengi kuliko anayoyapoteza, hata hulazimika kuyatoa angali anaruka. Yeye hulipia kwa sukari. Dakika chache za kutetemesha misuli humgharimu sehemu ya kile alichobeba tumboni, na ua lenye mbochi kidogo wakati wa baridi kali huenda lisilipe hata gharama ya kulifikia. Malkia anayeanza koloni peke yake hujenga chungu kidogo cha nta, hukijaza mbochi na kukiweka karibu ya mdomo wake. Kisha hulala juu ya bonge la chavua lenye mayai na majana, akibana upande wa chini wa tumbo lake juu yake huku akitetemesha misuli ya kifua. Hapo ule mlango wa kutolea joto hugeuka kuwa kiatamizi, na majana hupata takriban nyuzijoto 30 hata usiku wa baridi. Baadaye vibarua wakiongezeka na kiota kikapata joto kupita kiasi, baadhi yao husimama na kupepea kwa mabawa, na hawaanzi wote kwa wakati mmoja kwa kuwa kila mmoja ana kiwango chake cha joto kinachomsukuma kuanza.

Umeuliza ni yupi anayedhibiti vizuri zaidi. Tukiangalia usahihi, ni nyuki. Kukishikilia kifua chenye uzito wa sehemu ya gramu kwenye nyuzijoto 30 na kitu, wakati hewa imeshuka karibu na sifuri, ni kazi ngumu kuliko yoyote anayoifanya ngamia, ambaye kwa kweli ameuacha usahihi kwa makusudi. Zipo spishi za Bombus, kama vile Bombus polaris, zinazoishi hadi kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Lakini udhibiti wa nyuki hukatika ghafla: sukari ikimwishia, kifua hushuka hadi joto la hewa ndani ya dakika chache na hawezi tena kuruka kutafuta nyingine. Ngamia akikosa maji ana siku kadhaa, na wakati mwingine wiki, kabla mambo hayajamharibikia. Kwa ustahimilivu, basi, hakuna ushindani.

Kuhusu nyuki-bambi kuishi jangwani, kwa Bombus terrestris ndani ya Sahara jibu ni hapana, na sababu ni ileile ya chanzo cha joto. Hewa inapokaribia nyuzijoto 35 na kuendelea, tumbo lake halina tena tofauti ya kutosha na hewa ili kumwaga joto ambalo misuli inaendelea kulizalisha, na kifua kikivuka nyuzijoto 42 hadi 45 yumo katika hatari ya kufa. Kwake yeye manyoya hayo wakati huo ni mzigo, kwani joto lililo ndani halipati njia. Angeweza kutua na kuacha kuruka, lakini nyuki asiyeruka hali. Anachofanya kwenye pwani za Bahari ya Mediterania ni kubadilisha majira: koloni hukua kuanzia majira ya baridi hadi ya machipuko, na malkia wapya huupitisha ukame wa kiangazi wakiwa wamelala ardhini. Hata hivyo jenasi nzima haijashindwa na ukame, kwani Bombus sonorus anapatikana kwenye maeneo makavu ya Arizona na kaskazini mwa Meksiko.

Mipaka hiyo ya joto inaonekana pia kwenye ramani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia kumbukumbu za miaka 110 za spishi 67 za nyuki-bambi huko Ulaya na Amerika Kaskazini, ulionesha kwamba ukingo wa kusini wa maeneo yao umerudi nyuma, mahali pengine kwa hadi kilomita 300, na kwamba kwa ujumla ukingo wa kaskazini haukusogea mbele kufidia eneo hilo lililopotea.